Springi za Breki na Ukanda wa Ngozi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kituoni Mkiwa nasubiri gari la kwenda Singida mjini, nikaona mtu amewamba ngozi mbichi ya ng'ombe nyuma ya bucha. Ilikuwa imetoka kunyeshewa. Harufu yake ilinifikia kabla sijaiona vizuri, na nakwambia kweli, msomaji wangu, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili nilihama pale nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Mama mmoja muuza vitunguu akaniuliza, "Vipi dada, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akacheka, akaendelea kupanga mafungu yake.

Wengine wanaogopa popo, wengine wanaogopa sindano. Mimi naogopa ngozi iliyolowa. Hofu hiyo niliipata kijijini kwetu Mgori nikiwa darasa la tano, msimu baba alipotoka hospitali akiwa amepasuliwa ngiri, na daktari amemwonya kwamba asinyanyue kitu chochote kizito mpaka mwaka ugeuke.

Nyumbani tulikuwa watatu tu wakati ule. Mama alikuwa amekwenda kwao Iramba kumuuguza mama yake, hivyo nilibaki na baba na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa akiniita "mama" kwa sababu nimerithi jina la bibi, na bibi akisikia anaitwa mama hakujua kama ni yeye au ni mimi, basi tulikuwa tunaitika wote wawili. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, siku za bahati maziwa mgando. Kulikuwa na upepo, upepo ule wetu wa Singida usiochoka, unaokujaza mchanga mdomoni ukicheka.

Na kulikuwa na trekta. Usifikirie trekta kubwa la kulimia. Hili lilikuwa dogo, la bustani, lenye kiti kimoja, halizidi urefu wa ndama. Baba alilichukua kama chuma chakavu kwa mzee mmoja wa Unyambwa aliyekuwa na bustani kubwa, akakaa nalo miezi chini ya mti wa mkungugu akilifungua na kulifunga, mpaka siku moja likakohoa likawaka. Mbele lilikuwa na bamba la chuma la kusukumia udongo. Baba aliliita beleshi, na kijiji kizima kikaliita hivyo.

Kazi ya beleshi ilikuwa lambo. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, lambo la kitongoji lilikuwa limekauka na kujaa mchanga ulioletwa na maji ya mwaka uliopita. Zamani watu walikuwa wanalichimbua kwa majembe, wiki tatu nzima, wanaume kwa wanawake. Tangu baba apate trekta waliacha. Baba alisukuma mchanga wote peke yake mpaka lambo likawa na kina, mvua ikija linajaa, na ng'ombe wana maji mpaka mwezi wa nane. Asipolisukuma, maji yanakaa kifundoni na kukauka mapema, na watu wanaanza kuswaga mifugo kutwa nzima kutafuta maji mengine. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha. Lakini kila mtu aliyepita nyumbani kumpa pole ya hospitali alimaliza kwa kuangalia lilipo trekta.

Shida ilikuwa liva. Beleshi halikuwa na mashine ya kulinyanyua. Kuliani kwa kiti kulikuwa na liva ndefu ya chuma, na kila baba alipofika mwisho wa kusukuma ilibidi aivute kwa mikono miwili, akikaza tumbo lote, mpaka beleshi liinuke. Anarudi nyuma, anashusha, anasukuma tena. Siku nzima hivyo. Aliporudi lamboni baada ya hospitali, siku ya kwanza tu, nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kila akivuta liva alitoa mguno mfupi puani, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki watu wajue. Nilikuwa natangulia mbele ya trekta kuokota mawe, kwa hiyo nilikuwa nausikia mguno mmoja mmoja. Nilianza kuuhesabu bila kutaka. Jioni nikamwambia bibi, na bibi akamwambia baba kwamba akitaka kufa, afe, ila asubiri kwanza yeye atangulie.

Baba hakujibu. Baba hakuwa mtu wa fimbo, usinielewe vibaya. Sikumbuki kama aliwahi kunichapa. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Ukikosea anakutazama, anageuka anaendelea na kazi yake, na hakusemeshi mpaka kesho yake jioni. Nilikuwa tayari kuchapwa na mwalimu mara kumi kuliko kunyamaziwa na baba mara moja.

Kesho yake alipanda gari akaenda Mkiwa, wanakopumzika madereva wa malori, akarudi na springi mbili zimefungwa ndani ya shati. Zilikuwa springi za breki za lori, zile zinazovuta viatu vya breki virudi mahali pake, nene kama kidole gumba, zenye ndoano kila upande. Alizimwaga mbele ya bibi kama mtu aliyeleta nyama. Akatuchorea chini kwa kijiti. Ndoano ya mbele itashika mguuni mwa liva, ya nyuma itashika kwenye chasisi. Beleshi likishuka, springi zinavutika. Ukitaka kulinyanyua, springi zinataka kurudi, kwa hiyo zinavuta pamoja na wewe.

"Yaani zinanyanyua zenyewe?" bibi akauliza.

"Zinanyanyua zaidi ya nusu, mama. Mimi nitabaki kuongoza tu."

Nilimwona anafurahi. Alikuwa akiimba kwa pua anaposhika spana, wimbo usio na maneno, na siku ile aliimba mchana kutwa.

Tundu la mguuni mwa liva lilikuwepo. Lakini nyuma, chasisi ilikuwa bomba nene laini lisilo na pa kushikia ndoano, na wa kuchomelea alikuwa mjini. Baba akazungusha waya mara sita, akakaza kwa koleo, akashusha beleshi polepole. Springi zikatanuka. Zilitoa mlio mdogo, mwembamba, nikauhisi kwenye meno. Baba akasema, "Mnaona?" Na hapohapo waya ukakatika.

Sikuona springi ikiruka. Nilisikia upepo tu, halafu kishindo. Moja ilianguka karibu, nyingine ilipita juu ya bibi aliyekuwa amekaa akichambua mlenda, ikaingia kwenye ukuta wa udongo wa tembe yetu na kuzama humo mpaka ikabaki ndoano tu nje. Kama bibi angekuwa amesimama, nisingekuwa na bibi. Baba aliichimbua kwa panga, taratibu, akiwa ametugeuzia mgongo. Bibi aliendelea kuchambua mlenda. Baadaye nikaona alikuwa anachanganya majani na vijiti ndani ya ungo mmoja.

Hapo ndipo springi zile zikawa na uhai kichwani mwangu. Nikipita karibu na zilipowekwa nilipita kwa mbali, kama unavyompita mbwa usiyemjua.

Bibi ndiye aliyeleta wazo la ngozi. Alisema, kwa Kinyaturu na kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja wengine wafikiri, kwamba waya ni wa watu wa mjini. Mpini wa shoka lake ulifungwa kwa ngozi mbichi na marehemu babu, na mpaka leo haujacheza. Ngozi mbichi ukiifunga ikiwa imelowa, ikikauka inajibana yenyewe na kuwa ngumu kama mti. Hakuna mfugaji kwetu asiyejua hilo. Vigoda, ngoma, mipini, vyote vinafungwa hivyo. Baba alipiga paja. Alishangaa kwamba hakulifikiria yeye.

Tulikata ukanda mimi na bibi. Unachukua kipande cha mviringo, unaanzia pembeni, unakata ukizunguka kuelekea katikati, na ukanda unatoka mmoja mrefu usio na kiungo. Bibi alikata, mimi nilivuta. Tuliuloweka, baba akauzungusha kwenye bomba na ndoano mara zisizohesabika, akivuta kwa meno na kwa goti. Bibi akaupaka majivu na pilipili ili mbwa na fisi wasiutafune. Siku tatu trekta lilikaa juani. Siku ya nne baba aligonga ukanda kwa nyundo ukalia ko, ko, kama kinu.

Akatuambia tuondoke wote, tukajificha nyuma ya tembe. Nilifumba macho, nikaziba masikio. Kisha bibi akanivuta mkono. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti ananyanyua beleshi kwa mkono mmoja. Anashusha, ananyanyua. Akaniita nijaribu. Niliivuta liva nikiwa nimegeuza uso pembeni, na chuma kile chote kikaniinukia, mimi mtoto wa darasa la tano. Baba alicheka kwa sauti. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu hakikuwa kitu cha kila siku.

Palikuwa na sharti moja. Ngozi isilowe. Ikilowa inalegea, inarudi kuwa kama ilivyotoka kwa ng'ombe. Baba akanipa mfuko wa mbolea wenye nailoni ndani, akanionyesha namna ya kuuvika na kuufunga. "Kila jioni, mama. Kazi hii ni yako." Nikasema ndiyo baba. Nilikuwa naufunika ukanda kila jioni, nikinyoosha mkono kutoka mbali, nikiwa tayari kukimbia.

Wiki moja na zaidi baba alisukuma mchanga bila kuguna. Nilisikiliza kila alipovuta, hakukuwa na mguno. Lakini usidhani nilitulia. Beleshi likiwa chini, springi zimetanuka, nusu hatua tu kutoka kwenye nyonga yake, mimi nilikuwa naona ukuta wa tembe na ile ndoano. Mara mbili nilijikuta nimesimama mahali ambapo ikiruka itanipata mimi kwanza. Baba akanifokea, "Toka hapo, utakanyagwa!"

Ilibaki siku moja lambo limalizike. Jioni ile mvua ya kwanza ikaja, kubwa, kwa ghafla, ikanyesha kama saa moja ikakatika. Na wewe kama umekulia kwetu unajua kinachofuata. Ardhi ikatoboka, kumbikumbi wakatoka kwa maelfu, jua la jioni likipita katikati ya mabawa yao. Watoto wote wa kitongoji tulikuwa nje na makopo, tukipiga kelele, tukila wengine wabichi. Baba alikuwa kwa jirani. Nilirudi na kopo limejaa, bibi akawakaanga kwenye kikaango kikavu na chumvi kidogo, nyumba nzima ikanukia. Nikala nikalala. Mfuko wa mbolea ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango.

Niliuona asubuhi, uji ukiwa mkononi. Nikauweka uji chini. Baba alikuwa ameshatoka, namsikia huko nje anafungua tangi, anaangalia mafuta. Nikajiambia nitoke nimwambie. Nikatoka. Jirani yetu mfugaji alikuwa amesimama naye, anaonyesha mawingu.

"Hii inarudi mchana," jirani alisema. "Leo ndiyo leo."

"Nitamaliza kabla," baba akasema.

Akanigeukia. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba mama. Chukua dumu la maji, twende." Nilikuwa na neno mdomoni kabisa, najua lilikuwepo. Lakini niliwaza atakavyonitazama mbele ya jirani, kisha atakavyogeuka, na siku ngapi zitapita bila neno. Nikachukua dumu.

Lamboni nilikuwa nangoja springi iruke. Sikuokota mawe vizuri, nilikuwa natazama nyonga ya baba. Ukanda ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa mweupe na kuvimba, na harufu ilikuwa inanijia kila upepo ulipogeuka. Nilimwomba Mungu, na kwa kuwa nusu ya rafiki zangu walikuwa Waislamu niliomba na kwa namna yao pia. Kila beleshi liliposhuka nilikaza meno. Hakikuruka kitu. Likashuka, likasukuma, likainuka, na saa zikapita, nikaanza kuamini kwamba tumesalimika.

Kisha nikausikia mguno.

Ulikuwa mdogo, nikadhani nimekosea. Msukumo uliofuata nikamwona baba ameshika liva kwa mikono miwili. Ngozi haikukatika, wala ndoano haikuchomoka. Ilikuwa inalegea taratibu, kidogo kidogo kila mvuto, springi zinasogea mbele pamoja nayo, na uzito wote uliokuwa umebebwa na springi ulikuwa unarudi tumboni mwa baba. Mguno ukawa mrefu. Uso wake ulikuwa na jasho lisilo la jua. Nilipiga kelele, "Baba, tuache!" Akanipungia mkono nisogee. Mawingu yalikuwa yameshafunika upande wa msitu. Alisukuma mpaka mchanga wa mwisho, akazima trekta, akashuka, hatua tatu akakaa chini, akajikunja akishika ubavu.

Jirani alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, wakapata gari la mizigo la kwenda mjini. Mvua ilirudi mkokoteni ukiwa njiani. Ikanyesha siku nne. Mimi na bibi tulikaa ndani ya tembe tukisikiliza maji yakipiga paa la udongo, hakuna wa kutuletea habari, na kila aliyebisha hodi nilijua amekuja kutuambia baba amekufa. Walikuwa wanakuja na maziwa. Lambo lilikuwa limejaa, wakaja kushukuru. Bibi aliyapokea maziwa kwa mikono miwili, akawaambia asanteni, na mimi sikuweza kuyanywa.

Baba alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, mama, aliyetoka kwao Iramba akampitia hospitali, akiwa amemshika mkono. Walimpasua mara ya pili. Siku ileile aliomba spana, akafungua springi zote mbili, akakata ule ukanda kwa kisu akautupa. Jirani alipomuuliza kulikoni, alisema, "Nilifunga vibaya. Ujuzi wangu umeishia hapo." Alisema hivyo kwa kila aliyeuliza, mimi nikiwa nimesimama karibu, na kila mara nilisema moyoni leo nitasema. Hakuunda kitu kingine tena. Trekta lilikaa miaka mingi likiliwa na kutu mpaka wanunuzi wa vyuma wakalichukua. Lambo watu walirudi kulichimbua kwa majembe, baadaye kikachimbwa kisima cha pampu, wakaliacha. Siku hizi watu wanapanda alizeti mle ndani. Bibi hayupo, tembe ilibomolewa ikajengwa nyumba ya bati. Wimbo ule wa puani sijausikia tena tangu mwaka ule.

Kutoka Mkiwa siku ile sikuishia mjini. Nilipitiliza Mgori. Baba ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, anakaa kibarazani na redio yake. Nilimwamkia, nikabandika chai, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikamweleza habari ya mfuko wa mbolea nyuma ya mlango. Nilieleza nikitazama chini. Nilimaliza, akanyamaza. Nikawa namngoja kama mtoto wa darasa la tano.

"Niliigusa ile ngozi asubuhi kabla sijawasha," akasema. "Ilikuwa imelowa chapachapa."

"Sasa mbona ulipanda, baba?"

"Kuifunga upya ni siku tatu za jua. Jua lilikuwa wapi? Na ng'ombe wa watu wote wale." Alipunguza sauti ya redio. "Mfuko nilijua. Mtoto ameona kumbikumbi, atakumbuka mfuko? Nikasema nilifunga vibaya, yaishe. Nilidhani umesahau."

"Sijasahau hata siku moja."

Alinitazama muda mrefu, na safari hii hakugeuka.

"Miaka yote hii," akasema. "Kwani mama, mimi nilikuwa natisha kiasi hicho?"

Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Neno halikutoka, na yeye aliliona linavyokataa kutoka. Akainamisha kichwa, akawa anatazama mikono yake.